Mwizi Aliyefungwa kwa Maombi

Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa nyuma tena.

Vernetta Gaines alisimama kwenye baridi ya alfajiri, mlango wa gari wazi, akakikodolea macho. Yeye ni mfupi. Akiendesha, kifua chake hukaribia kugusa usukani. Jana alikivuta mbele, juzi vilevile. Sasa kilikuwa nyuma kabisa, kama kwa mtu mwenye miguu mirefu. Na kulikuwa na harufu ya sigara zile za mnanaa, ilhali nyumbani kwake havuti mtu.

Alirudi ndani akamtikisa Lamont, ndugu wa mumewe, aliyekuwa anakoroma kwenye kochi.

"Umeendesha gari langu?"

"Shemeji, funguo unalala nazo kwenye sidiria. Nitazichukuaje, kwa maombi?"

"Usinichekee, Lamont. Anayekula kwangu bila kazi namchunguza."

"Basi chunguza. Hata hiyo leseni walishaninyang'anya."

Hakumwamini. Aliwashuku pia majirani, na wale waliolivuta gari na kulihifadhi uani kwao lilipopatikana baada ya kuibiwa. Mtu aliyeibiwa mara moja huona wezi kila kona, na mjini Memphis majira yale ya baridi magari yalikuwa yakianuliwa barabarani kama nguo za kwenye kamba. Ghala lilikuwa limempunguzia Vernetta saa za kazi, nusu ya mtaa walikuwa hawana ajira, na kila mtu kanisani alikuwa na jambo la kuombea: kodi, gesi, jino la mtoto. Yeye aliombea gari. Mumewe Cleotis figo zilikufa, na asipofikishwa hospitali kusafishwa damu, anajaa maji mpaka pumzi inakatika. Gari lilipoibiwa alikosa zamu yake ya kusafishwa, akavimba uso hadi macho yakapotea.

Ndipo Vernetta akaingia kwenye maombi ya simu, yale ya kina mama wa kanisa kila asubuhi, akaomba kwa hasira.

"Namfunga mwizi huyo! Afungwe humo humo garini! Asitoke wala asipumzike mpaka nimfungue mimi kwa kinywa changu!"

"Amina!" wakaitikia wote, kila mmoja jikoni kwake. Wenyewe wanaamini wawili wakipatana duniani, mbinguni kunatiwa muhuri.

Gari likaonekana kando ya mto, injini inanguruma, na kijana amekufa kwenye usukani. Hana jeraha. Polisi walisema labda vidonge, labda baridi. Hakuwa na kitambulisho, na Vernetta hakuuliza jina. Jumapili alisimama kanisani akashuhudia: Bwana amenirudishia! Watu wakaruka, kinanda kikapamba moto. Habari ya maiti aliimeza.

Asubuhi hiyo ya kiti kukutwa nyuma, alikivuta mbele, akampakia Cleotis, wakaondoka. Njiani mzee akageuza shingo polepole.

"Vee, punguza mwendo. Huyo kijana anatetemeka."

"Kijana gani?"

"Huyo unayemkalia."

Vernetta alicheka kicheko kikavu. Sumu imempanda kichwani, alijiambia, figo hizo. Lakini mgongo wake ulikuwa baridi, baridi ya mtu aliyeegemea kitu kilicholowa, na walipoingia barabara kuu, malori kushoto, malori kulia, alisikia mtu akishusha pumzi sikioni mwake, harufu ya mnanaa ikajaa, kisha chini yake kiti kikaanza kurudi nyuma, taratibu, kama kinavutwa na mikono yenye subira, naye akinyoosha miguu, akinyoosha, hadi vidole vikaachia breki, na lori la mbele likiwasha taa nyekundu, na Cleotis akiita Yesu, Yesu, Yesu, ndipo akauachia mwili wote uteleze chini ya usukani, akaikanyaga breki kwa visigino viwili.

Walisimama wamelikaribia lori kiasi cha kuhesabu madoa ya matope yake.

Baada ya matibabu hakushika tena usukani wa lile gari. Lamont, aliyeitwa hospitali kwa simu, ndiye aliyeliendesha hadi nyumbani, leseni hana, miguu mirefu anayo. Cleotis akaingizwa ndani kulala, na Vernetta akampigia Mama Pruitt, mama mkuu wa kanisa. Mama Pruitt akaja mchana huohuo na gauni lake jeupe na chupa ya mafuta ya mzeituni. Alizunguka gari akinusa. Vioo vilikuwa vimejaa ukungu, kwa ndani.

"Kuna mtu alifia humu," alisema kwa sauti ya chini. "Mbona kwenye ushuhuda hukumtaja?"

"Alikuwa mwizi, Mama."

"Alikuwa mtoto wa mtu. Nasi tukasema amina, Mungu atusamehe. Mimi siwezi kumfungua, umefunga wewe. Kwanza msamehe."

"Nimemsamehe."

"Huo ni mdomo, Vernetta. Moyo je?"

Moyo ulikuwa unawaka. Aliona uso wa Cleotis uliovimba, akamwona mwizi yule akizurura mjini, redio juu.

Mama Pruitt akapaka mafuta kwenye milango. Vernetta akaweka kiganja juu ya bati la gari.

"Nakufungua. Toka kwenye gari langu!"

Gari likayumba kidogo, kama linavyoyumba mtu mzito akishuka. Ukungu ukayeyuka viooni.

"Usinyamaze!" Mama Pruitt alimshika mkono. "Mwambie aende kwa Mola wake. Mwombee mapumziko, haraka!"

"Mwizi nimwombee mbingu? Baada ya kutaka kuniulia mume? Aende atakako, ilimradi garini atoke!"

"Ee Yesu," alisema bibi yule, akawa anatazama mlango wa nyumba. Ulikuwa wazi.

Vernetta alikimbia. Sebuleni Lamont alikuwa amejibanza ukutani. Na Cleotis, ambaye tangu vuli hakuinuka bila kushikwa, alikuwa amesimama wima mbele ya hita, akijipasha viganja. Alisimama kama kijana, uzito wote kwenye mguu mmoja.

"Cleotis?"

Akageuka. Uso ni wa mumewe. Tabasamu silo.

"Humu kuna joto, mama," alisema kwa sauti changa. "Figo tu ndizo mbovu."

Vernetta aliinua mkono, na maneno yakamjia yenyewe, yale aliyoyazoea tangu utotoni. Nakufunga. Yalifika kwenye ulimi. Yule akaona, akamkunjulia mikono yote miwili ya Cleotis, yenye makovu ya sindano, akaisogeza mbele yake.

"Haya, nifunge," alisema. "Nifunge humuhumu. Si ndiyo kazi yako?"

Mama Pruitt alikuwa mlangoni akilia. Vernetta, ambaye mbele za Mungu hajawahi kukosa la kusema, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.