Gemu Iliyoitwa Kwetu

Haya ninayoyaandika hakunisimulia mtu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mashine ya tatu kutoka mlangoni, naendesha lori la kwenye gemu, mimi niliyeendesha malori ya kweli kati ya Shelui na Nzega miaka kumi na mmoja bila kugonga hata mbuzi. Shule niliishia darasa la saba, lakini macho na masikio yangu hayajaishia darasa lolote, na pale ambapo sikuwepo kwa mwili nilikuwa karibu vya kutosha. Mwenye kubisha apande treni ashuke Itigi, akaulize lilipokuwa banda la gemu la Elina.

Asubuhi mambo yalipoanza, Elina alifika saa mbili kama kawaida. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, ukarudi akiwa bado ameshika kufuli mkononi. Mashine zote sita zikawaka zenyewe, maana fundi alizitega hivyo, na moja baada ya nyingine zikasema kwa sauti ya Elina mwenyewe: "Karibu ndani, hapa ni kwenu."

Zikamaliza sita. Halafu ikasikika sauti ya saba.

"Asante," ikasema.

Nayo ilikuwa ya Elina.

Alisimama na kufuli lake, akasikiliza. Feni za mashine zilikuwa zinavuma tu. Akajiambia ni masikio, akafagia, akafungua kazi.

Hapo lazima niwaeleze hizo mashine, maana msipozielewa mtasema naongopa. Zilikuwa mitumba ya ofisi fulani. Mwanzoni zilijazwa gemu za kuchonga, za wizi, zikaingia virusi, zikawa zinakufa moja moja kama kuku wa kideri. Akapatikana fundi kutoka Manyoni, Fredrick, mtu wa miaka thelathini hivi, mdomo mrefu kama wangu, akabaki Itigi kuwa fundi wa banda. Akafuta kila kitu, akaweka mfumo wa Linux.

"Hii haiuzwi, dada Elina," alimwambia. "Ni ya watu wote. Ukitaka kuigeuza unaigeuza, hakuna wa kukuuliza. Utakachonunua ni gemu tu, na utanunua kihalali kwenye duka la mtandaoni, unapewa na risiti."

"Na gemu zitakubali? Nasikia nyingi ni za Windows."

"Zinakubali. Katikati naweka programu, ni kama mkalimani. Gemu inaongea Kiwindows, mkalimani anageuza, Linux inaelewa. Kama mama mkwe Mgogo na mkwe Mnyaturu. Hawaelewani, lakini mtoto akikaa katikati ugali unalika."

Na kwa kuwa Linux ile ilikubali Kiswahili, Elina akataka ianze na makaribisho. Akajirekodi maneno yale matano, Fredrick akayaweka kwenye kila mashine yawe yanatoka ikiwaka. Wateja walipenda. Elina alikuwa na sauti jamani. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani, na akisema "karibu" hata mwenye haraka alikuwa anakaa.

Lakini aliyeihitaji sauti ile kuliko kwaya ni mama yake. Mama Theresia alikuwa kipofu, macho yalimfunga miaka tisa iliyopita, na waliishi wawili tu ng'ambo ya reli, mwendo wa nusu saa kwa njia ya vichakani. Kwa mama yule Elina hakuwa na sura tena. Alikuwa sauti inayorudi jioni na kusema, "Mama, nimekuja." Akishasikia hivyo ndipo anafungua komeo.

Basi. Siku ile ile ya ile "asante", Elina alifungua orodha ya gemu alizonunua. Alikuwa nazo tatu: ya malori, ya mpira, na ya kulima shamba. Akakuta nne.

"Fundi, umenunua gemu bila kuniambia?"

"Ninunue kwa hela ya nani?"

"Hii nini sasa?"

Fredrick akaja, akainama. Ile ya nne iliitwa Kwetu. Haikuwa na picha. Mahali pa jina la mtengenezaji palikuwa patupu. Chini yake paliandikwa: muda uliochezwa, saa thelathini na moja.

"Itakuwa ya bure imejipachika," Fredrick akasema, akaifungua.

Kioo kikaonyesha ndani ya banda lile lile. Viti vya plastiki vile vile, na pazia la khanga lile lile. Mchezaji hakuonekana, ulikuwa unaona kile anachokiona yeye, na alikuwa amesimama katikati ya banda, ameuelekea mlango. Fredrick akabonyeza vitufe vyote. Hakusogea.

"Mkalimani kaigomea," akasema. Akatazama huku na kule kwenye mipangilio, halafu akakuna shingo. "Ajabu. Haipiti kwa mkalimani. Inaongea na mashine moja kwa moja."

"Ifute."

Akaandika amri ya kufuta. Mashine ikajibu: *Huna ruhusa. Mwenye faili: mgeni.* Fredrick akacheka, akaandika tena, sasa kwa neno la siri la Elina, lile la kufungua kila kitu. Mashine ikafikiri. Halafu: *Elina hayumo kwenye orodha ya wenyeji wa mashine hii. Tukio hili litaripotiwa.*

"Litaripotiwa kwa nani?" Elina akauliza.

"Huwa ni kwa mwenye mashine."

"Mwenye mashine si mimi?"

Fredrick akafungua faili la yale makaribisho ili alitoe. Nalo likajibu vile vile: mwenye faili ni mgeni. Ndipo wote tukasikia harufu, moshi wa nta ya nyuki iliyoungua, kama mtu anayefukiza mzinga, na mzinga wa karibu uko kilomita nzima kutoka pale.

Jumapili Elina alishindwa kupandisha sauti kanisani. Mwalimu wa kwaya akamwambia apumzike. Jumatatu umeme ulikatika mara mbili na kurudi mara mbili, na kila uliporudi mashine zilikaribisha, na yule wa saba akashukuru. Elina akaifungua ile Kwetu. Mchezaji alikuwa ameshatoka bandani. Alikuwa amesimama kwenye reli.

"Leo umemeza mchanga?" dereva mmoja akamtania Elina alipomjibu salamu kwa sauti ya kukwaruza. Sitamtaja jina dereva huyo, naona haya.

Jumanne alikuwa ananong'ona. Fredrick alizima swichi kubwa ya ukutani, akachomoa nyaya zote, akazikunja. Jumatano asubuhi walifungua banda wakakuta kioo cha mashine ya tatu kinawaka, waya wake umekunjwa juu ya meza kama mkia wa paka, na mchezaji ameshavuka reli, ameingia njia ya vichakani, anaona vile vijiti vya Itigi vilivyosongamana pande zote mbili. Muda uliochezwa ulikuwa umefika saa mia moja na tisa. Elina alimshika Fredrick mkono, akaonyesha kwa kidole kichuguu kilichokuwa mbele ya mchezaji. Fredrick akakijua. Ni kichuguu kilicho nusu ya njia ya kwenda kwao.

Jioni ile alifika nyumbani, akabisha. Akanong'ona, "Mama, nimekuja," na mama ndani hakugusa komeo.

"Nani wewe?"

"Elina."

"Elina wangu haongei hivyo."

Alilia mlangoni mpaka mama akakitambua kile kilio, ndipo akafungua. Akampapasa uso, akampikia uji wa ndimu. "Mwanangu," akamwambia, "ukiishiwa sauti kabisa nitakujuaje?"

Alhamisi asubuhi hakuwa na hata mnong'ono.

Fredrick akaenda kwa Bi Rukaiya, mama muuza asali wa karibu na stesheni, ambaye Waislamu wanamwendea kwa mlango wa mbele na Wakristo kwa mlango wa nyuma. Bibi huyo akaja mchana, jua kali, na kibuyu chake na tasbihi. Alifika kizingitini akainua mkono.

"Msiniambie karibu," akasema. "Asiseme mtu."

Akaingia mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Fredrick akamweleza yote, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza makosa yake.

"Hizo mashine zilikuwa zinasema karibu hata kama humu hamna mtu?"

"Kila umeme ukirudi, bibi."

"Usiku pia?"

"Usiku pia."

"Na zinasema hapa ni kwenu."

Fredrick akainamisha kichwa. Bi Rukaiya akaanza kusoma dua, taratibu, macho kafumba. Hakufika mbali. Mashine zile sita, zisizo na umeme wala waya, zikasema pamoja, kwa sauti ile nzuri ya Elina, kwa heshima zote:

"Shikamoo, bibi."

Nimemwona mama mtu mzima akipigana na mdomo wake mwenyewe. Tangu tuzaliwe huku kwetu hatujui kuiacha shikamoo ianguke chini. Aliuma midomo mpaka ikabadilika rangi, jasho likamtoka, lakini ile marahaba hakuitoa. Harufu ya nta ikajaa banda zima. Alipoweza kuongea tena alimtazama Elina, si zile mashine.

"Mwanangu, mimi nafukuza walioingia kwa kuvunja. Huyu kaingia kwa kuitwa, na ana adabu. Wa namna hii siwawezi. Anayeweza kumwambia aondoke ni aliyemkaribisha, kwa sauti ile ile aliyomkaribishia. Sema. Sema neno moja tu, ondoka."

Elina akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama. Haukutoka hata upepo.

"Subirini," Fredrick akasema, akatoa simu. "Ninazo sauti zake. Alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti, mwingi tu, kuna mmoja alikuwa anafukuza mbuzi, alisema ondoka, nakumbuka." Akaupata, akaucheza. Tukasikia kwato. Tukasikia fimbo ikipiga ardhi na treni ikipita kwa mbali. Elina hakuwemo. Akacheza mwingine, na mwingine, na kila ujumbe ulikuwa na jogoo wake na upepo wake na kelele za sokoni, na katikati pale alipokuwa Elina pamekatwa, pametulia.

Kioo cha mashine ya tatu kikawaka.

Mchezaji alikuwa uani. Mbele yake kulikuwa na dumu la bluu lenye kifuniko cha gunzi la mahindi, na kamba ya nguo, na kitenge cha njano alichokianika Elina asubuhi ile ile, na mlango wa mbao, na kwa mara ya kwanza tangu gemu ile ionekane mchezaji alisogea mbele ya macho yetu, akaufikia mlango, na sauti ya Elina ikasema kutoka kwenye kioo, "Mama, nimekuja," na tukasikia komeo likivutwa.

Elina alikimbia. Alivuka reli bila kutazama kushoto wala kulia, viatu vikamtoka akaviacha, akaingia njia ya vichakani huku Fredrick akimfuata nyuma na mimi nyuma ya Fredrick na kitambi changu, miiba ikimchana Elina mikono na yeye akiendelea kufungua mdomo kila hatua kama mtu anayepiga kelele, na hakuna kilichosikika ila nyayo zetu na pumzi zetu na nyenje wa mchana waliokuwa wanalia kila mahali isipokuwa pale alipokuwa anapita yeye, na alipofika uani akaukuta mlango umefungwa kwa ndani, akaupiga kwa viganja, akazunguka mpaka dirishani, akashika nondo na kuchungulia.

Mama Theresia alikuwa amekaa kwenye mkeka na ungo wa mtama mapajani. Mbele yake kilikuwepo kigoda. Juu ya kigoda hapakuwa na mtu.

"Umekula, mama?" sauti ikauliza kutoka kwenye kigoda.

"Nilikuwa nakusubiri wewe." Mama alikuwa anatabasamu, sijamwona akitabasamu vile. "Sauti imerudi, mwanangu. Nilikuwa na hofu mimi."

"Imerudi, mama. Haiendi tena."

Elina akatikisa nondo. Akapiga dirisha kwa kichwa mpaka damu ikamshuka puani. Mama akageuza uso upande wa dirisha, tabasamu likamtoka.

"Elina," akasema kwa hofu, akikielekea kigoda, "kuna mtu pale dirishani. Hasemi. Mwambie aende zake."

"Usiogope, mama. Tulia."

Tukasikia hatua zikija juu ya sakafu ya udongo, za mtu mwepesi asiye na haraka. Zikasimama mbele ya dirisha. Nta iliyoungua ikatupiga usoni, ya moto, na sauti nzuri kuliko zote za Itigi ikasema kwa upole:

"Samahani sana, mama anakula. Njooni siku nyingine."

Na dirisha likafungwa.

Sasa Elina yuko Shelui, anaosha vyombo kwenye hoteli ya shangazi yake. Mara tatu amerudi kwao, mara tatu amefukuzwa na mama yake mwenyewe kwa fimbo, akiitiwa mwizi. Fredrick amerudi Manyoni na hagusi kompyuta ya mtu. Majirani wa ng'ambo ya reli wanasema Mama Theresia ana furaha siku hizi, na jioni zinasikika nyimbo za kwaya ndani, sauti ya kwanza.

Niliwaambia nilikuwepo, na kweli nilikuwepo. Ila kitu kimoja nimekitia mimi. Ni upofu. Mama Theresia haumwi macho. Mpaka leo anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Pale dirishani alimtazama Elina usoni, karibu kama wewe na karatasi hii, halafu akakigeukia kile kigoda akakiita Elina. Nimejaribu kuandika hivyo mara tatu, nimeshindwa. Nikaona afadhali nimtie upofu.