Mlio wa Ukungu

Mashine iliitwa Msikivu, na kazi yake ilikuwa kusikiliza magari. Gari likiingia karakana huku breki zinalia, Msikivu alishusha mikono yake minne myembamba, akagusa kila gurudumu kwa kidole cha chuma, akasikiliza kidogo, kisha mlio ukakatika. Ndani ya gurudumu alikuwa ameacha kizimamlio, kifaa kisichozidi punje ya hindi, kilichotoa sauti iliyo kinyume kabisa na ile ya breki, sauti mbili zikamezana. Watu wa Lushoto mpya, mji uliopanda milima mpaka ukagusa mawingu, walikipenda kupita kiasi.

Aliyekibuni ni mhandisi Mwantumu Shemzigwa, na hakuwa mjinga. Nalisema hilo mapema, maana muda si mrefu mtamlaumu. Kule milimani ukungu wa alfajiri hulowesha sahani za breki, zikashika kutu nyembamba, na kila asubuhi magari huamka yakilia. Ukikanyaga breki mara tatu nne, kutu hukwanguka na kelele huisha. Wenyeji waliuita mlio wa ukungu, wala hakuna aliyeuogopa. Ulikuwa kero tu. Mwantumu alimfundisha Msikivu kwa milio ya magari elfu kumi, yote ya huko huko, yote ya asubuhi.

Jumamosi moja, saa nne, fundi Kaniki aliingia ofisini kwa Mwantumu bila kubisha hodi. Kaniki alikuwa mtu wa mizaha kutwa nzima, lakini safari hii alikuja kimya na kuweka pedi ya breki mezani.

"Hebu itazame hii, Mhandisi. Nilikuwa nabadilisha tairi tu, ndipo nikaiona."

Pedi ni kile kipande kinachobana sahani ya gurudumu ili gari lisimame. Inapokaribia kwisha, kichuma kidogo cha onyo kilicho ubavuni mwake hugusa sahani na kulia, kumwambia mwenye gari abadilishe. Hii ilikuwa imekwisha kabisa. Kilichobaki ni bamba tupu lenye mikwaruzo.

"Gari lenyewe halikulia?" Mwantumu aliuliza.

"Lililia wiki iliyopita. Msikivu akasema ni ukungu, akauzima mlio." Kaniki alijifuta mikono kwa tambara. "Lililetwa saa tisa alasiri. Sasa wewe niambie, ukungu gani wa saa tisa?"

Mwantumu aliigeuza pedi mkononi, akalikumbuka gari lake mwenyewe. Jana alasiri gari lao la familia, lile kubwa la viti saba, lililia kutoka sokoni mpaka nyumbani, kila alipokanyaga breki. Mama mkwe wake, Bi Zaina, alikuwa kiti cha nyuma.

"Mkamwana," alisema, "gari la kumchukua bibi harusi wa mwanangu mdogo haliendi kwa watu likipiga mayowe. Watasema tumekuja kumteka."

Mwantumu alicheka, akalipitisha kwa Msikivu. Skrini ikamuuliza: fungua gurudumu, au zima mlio? Kufungua kungechukua saa nzima, na sare za harusi zilikuwa bado kwa fundi cherehani. Akagusa zima. Na asubuhi hii mumewe Hoza, Bi Zaina, na binti yao Tausi wa miaka sita walikuwa wameondoka na gari hilo kwenda Mombo, bondeni, kumchukua bibi harusi.

Alimweleza Kaniki huku akifungua ramani inayoonyesha gari lilipo. Walishapita Soni. Kuanzia hapo barabara ni kushuka tu, kona juu ya kona, na korongo kando.

"Si injini ya umeme itawashikilia?" Kaniki aliuliza. Alikuwa anajua kwamba gari likishuka mlima, injini hulizuia na kurudisha umeme kwenye betri.

"Kama betri ina nafasi. Niliichaji usiku kucha. Imejaa pomoni."

Betri iliyojaa haipokei kitu, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa juu ya pedi. Naye rubani, ile akili mnemba inayoendesha, alipima afya ya breki kwa kusikiliza. Mwantumu alikuwa amemziba masikio kwa mkono wake mwenyewe. Alipiga simu huku akiomba Mungu.

"Mama Tausi," sauti ya Hoza ilikuja kwa raha, na nyuma yake Bi Zaina akiimba. "Gari limetulia, mama hapa anasema halijawahi kwenda vizuri hivi."

"Baba Tausi, breki zimekwisha. Nakizima kizimamlio sasa hivi ili rubani asikie. Mshike mtoto."

Hakungoja jibu. Alikizima kwenye skrini ya mezani, na simu ikajaa sauti ya chuma kinachokula chuma. Tausi alianza kulia. Rubani akasema, kwa upole ule ule wa siku zote, "Breki hazitoshi. Naelekea kwenye mchanga." Kando ya barabara ile palichimbwa mitaro ya mchanga ya kunasa magari yaliyoshindwa kusimama, lakini wa karibu ulikuwa kilomita moja na nusu mbele. Mwendo ulisomeka mezani: sitini, themanini, tisini na tano. Bi Zaina sasa alikuwa anasoma dua, akirudia neno moja moja. Mwantumu aliuma kitambaa chake cha kichwa asipige kelele, maana angemtisha mtoto.

Kishindo. Kisha hakukusikika kitu.

"Hoza," aliita. "Hoza, nijibu."

"Tupo." Hoza alikuwa anahema. "Tuko mchangani. Mama amechanika mdomo. Tausi mzima, huyu hapa."

Mwantumu alilia kwa kwikwi. Mumewe alimwacha alie, kisha akauliza amejuaje.

"Lililia jana. Mimi ndiye niliyelinyamazisha."

Sauti ya Hoza haikuwa na hasira, na hilo lilimwumiza zaidi. "Na mengine je?"

Mengine yalikuwa elfu arobaini na moja. Mwantumu alifungua ukurasa ambao yeye peke yake alikuwa na ufunguo wake, wa kuzima vizimamlio vyote kwa mpigo.

"Watu watashtuka," Kaniki alisema. "Wengine watagongana."

"Na nisipozima?"

Kaniki alitazama pedi iliyokuwa mezani. Mwantumu alibonyeza.

La kwanza kulia lilikuwa basi la watoto wa madrasa, papo hapo chini ya dirisha lake. Lilikuwa limejaa, na lilikuwa linaanza kuingia mteremko wa sokoni, ambako hakuna mchanga. Mwantumu alishuka ngazi mbio, viatu ameviacha juu, akalikimbilia huku akipunga mikono miwili lisimame.