Kubana Mkono Hakutoshi

Kichana alikuwa kinyozi, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko nywele alizokata. Kila asubuhi alifungua saluni, akafagia, akawasha redio, na soga zikaanza. Ukimuuliza habari za mpira, ana jibu. Ukimuuliza habari za jino bovu, ana jibu. Kusema "sijui" kulimshinda kabisa.

Chumba cha nyuma cha saluni kilikuwa cha mkewe. Yeye alikuwa fundi wa mapazia. Aliyapima, akayashona, kisha akaenda kuyatundika mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuyanyoosha. Kichana alimwita "fundi" hata nyumbani. Mume alipiga soga, mke akamcheka, cherehani ikalia. Waliishi hivyo miaka kumi na tisa.

Jumatatu moja mke alikuwa anatundika mapazia kwenye ofisi fulani. Ngazi ikateleza kwenye vigae. Alianguka chali, kichwa kikagonga sakafu. Watu wa ofisini walimkimbiza hospitali akiwa hajitambui.

Madaktari walimpiga picha ya kichwa. Wakaona damu imevuja ndani ya fuvu na inaubana ubongo. Walimpasua mara moja, wakaitoa damu hiyo. Kisha wakamlaza katika wodi ya wagonjwa mahututi, mashine ikimsaidia kupumua.

Jumanne Kichana aliruhusiwa kuingia. Alimkuta mkewe amefungwa bendeji kichwani na ana mpira wa kupumulia mdomoni. Akamshika mkono. "Fundi, ni mimi," alisema.

Vidole vya mkewe vikambana.

Kichana alitoka mbio hadi nje na kupiga simu kwa kila mtu. Saluni nayo ikatia chumvi yake. Kufikia saa sita mtaa mzima ulijua kwamba fundi wa mapazia ameamka. Kufikia saa tisa ilisemekana ameketi. Kufikia jioni alikuwa ameshaomba chai.

Jumatano alifika shemeji yake, yaani dada mkubwa wa mgonjwa. Alikuwa mpishi wa shule, mama wa sauti nzito asiyependa kuzungushwa. Aliingia wodini akitarajia kupokewa kwa tabasamu. Akamkuta mdogo wake amefumba macho, hajibu neno. Akamuuliza mtu wa kwanza aliyepita amevaa sare, "Huyu atapona kweli?"

Mtu huyo alikuwa mfanya usafi. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaendelea na kazi yake.

Kutikisa kichwa huko kukawa ndiyo ripoti ya daktari. Jioni hiyo shemeji aliwaambia ndugu kwamba ubongo umekufa. Wengine wakaanza kuulizana msiba utawekwa wapi. Familia ilishangilia Jumanne na kulia Jumatano, na mgonjwa mwenyewe alikuwa vilevile siku zote mbili.

Alhamisi asubuhi wawili hao wakakutana kwenye korido ya hospitali.

"Shemeji, nimekuja kuwaambia madaktari watoe ile mashine," alisema dada mtu.

"Ukiitoa atakufa!"

"Unadhani sijui? Ndiyo maana sijalala." Sauti yake nzito ilikatika. "Mama yetu alilala kitandani miaka mitatu. Hakujua hata jina lake. Nilimwogesha kwa mikono hii. Mdogo wangu alikuwa pale, akaniambia, dada, mimi nisije nikaachwa hivi. Sasa nimwache?"

"Lakini alinibana mkono!"

"Unajidanganya."

Muuguzi wa zamu aliwasikia. Alikuwa dada mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti. "Njooni wote wawili," alisema. "Tumwangalie pamoja."

Walinawa mikono, wakaingia. Muuguzi akamwambia Kichana amshike mkewe mkono. Vidole vikabana, kama juzi.

"Umeona, shemeji?" alisema Kichana.

"Sasa mwambie aachie," alisema muuguzi.

"Aachie? Kwa nini?"

"Mwambie tu, kaka."

"Fundi, achia." Vidole havikuachia. "Fundi, niachie mkono." Bado. Muuguzi akavifungua taratibu, kimoja kimoja.

"Mtoto mchanga ukimwekea kidole kiganjani, hukibana," alisema muuguzi. "Hajakusalimia. Mwili wenyewe unafanya hivyo. Mtu akiambiwa abane akabana, akiambiwa aachie akaachia, hapo ndipo tunajua amesikia na ameelewa."

Kichana aliulaza mkono wa mkewe juu ya shuka.

"Si nilikwambia," alisema shemeji, lakini hakufurahi kushinda.

"Na wewe, dada, hujapata jibu," muuguzi alimgeukia. "Nani alikuambia ubongo umekufa?"

Shemeji akaeleza. Muuguzi akashusha pumzi. "Yule anafanya usafi, na anatusaidia sana. Lakini habari za mgonjwa si kazi yake. Kufa kwa ubongo kuna vipimo vyake, na madaktari huvifanya kwa utaratibu maalumu. Hapa hakuna aliyesema neno hilo. Mdogo wako akivutwa kohozi anakohoa. Tukimmulika machoni, mboni zinasinyaa. Ubongo wake unafanya kazi fulani."

"Basi mbona haamki?"

"Tumempa dawa za usingizi makusudi, ili ubongo upumzike na uvimbe upungue. Mtu uliyemlaza kwa dawa, asipoamka, utamlaumu?"

"Simlaumu," alisema shemeji polepole.

"Basi atapona?" Kichana aliuliza.

"Leo hatujui bado, kaka."

"Hatujui! Hospitali nzima?"

"Nikikwambia atapona, nitakuwa nakudanganya. Nikikwambia hatapona, nitakuwa nakudanganya pia. Ubongo ulioumia hausomwi kwa siku moja, wala kwa dalili moja. Dawa zitoke kwanza mwilini. Halafu daktari atapima macho, atapima mkono na mguu, ataangalia kama anafuata maagizo, atalinganisha na picha ya kichwa. Atarudia siku nyingine. Vipimo vyote vikisema jambo moja, hapo tutawaambia."

Mchana daktari alikaa nao kwenye chumba kidogo. Akarudia maneno yaleyale, bila haraka. Kisha akauliza, "Yeye mwenyewe angetaka nini?"

Shemeji akasimulia habari za mama yao na maneno ya mdogo wake. Daktari aliandika kila kitu kwenye faili. "Hili ni neno zito, na tutaliheshimu," alisema. "Tukiona hataweza tena kutambua watu, tutaketi hapa tulizungumze. Lakini tusiamue leo, wakati dawa bado zimemlaza."

Akaomba jambo moja zaidi. Familia ichague mtu mmoja wa kuongea naye kila siku, na huyo awaambie wengine. Kichana akajitokeza.

"Wewe?" alisema shemeji. "Wewe uliyemnywesha chai mtu mwenye mpira mdomoni?"

Daktari akainamisha kichwa kuficha kicheko. Kichana naye akacheka, macho yakiwa na machozi. Shemeji akachaguliwa.

Ijumaa dawa za usingizi zilianza kupunguzwa. Jumamosi hapakuwa na badiliko. Muuguzi aliwaambia kwamba kwa watu wengine dawa huchelewa kutoka. Jumapili mgonjwa alifumbua macho, lakini hakumtazama mtu. Kichana alishika simu, akairudisha mfukoni, akamwita shemeji.

"Macho kufumbuka peke yake hakutoshi," alisema shemeji, ambaye sasa alikuwa ameanza kuongea kama muuguzi. "Daktari amesema tungoje."

Wakangoja. Kichana alikaa kando ya kitanda kwa muda alioruhusiwa. Hakumtikisa mkewe wala kumfinya, kama alivyofundishwa. Alimwambia ni siku gani na yuko wapi, akamsimulia ya saluni kwa sauti ya chini. Kisha alikwenda kula na kulala, kwa sababu muuguzi alimfukuza.

Jumanne asubuhi walikuwapo wote watatu: Kichana, shemeji na muuguzi. Kichana alimshika mkewe mkono. Vidole vikabana. Akaogopa kusema neno lile. Alipiga moyo konde.

"Fundi, achia."

Kidole kimoja kikafunguka. Cha pili. Kisha kiganja kizima kikalegea juu ya shuka.

Hakuna aliyeshangilia. Muuguzi aliinama. "Nionyeshe vidole viwili," alisema. Mkono ulitetemeka, ukatulia, halafu vidole viwili vikasimama.

Shemeji alikaa chini sakafuni palepale, mama mzima, akalia kwa sauti yake yote nzito. Kichana aliegemea ukuta.

Daktari alikuja, akapima, akapima tena. "Ni dalili nzuri sana," alisema. "Sasa nina matumaini ya kweli. Lakini kupona kutachukua muda, na huenda uwezo wake wote usirudi."

Ndivyo ilivyokuwa. Alitolewa kwenye mashine siku mbili baadaye. Alijifunza upya kumeza, kusimama na kutembea, akisaidiwa na wataalamu wa mazoezi. Mkono wa kushoto ulibaki dhaifu. Maneno mengine alikuwa anayatafuta muda mrefu. Ngazi hakupanda tena. Lakini baada ya miezi sita cherehani ililia chumba cha nyuma, polepole, na Kichana akapunguza redio ili aisikie.

Siku moja shemeji alikuja, akaketi karibu na cherehani. Alikuwa amebeba jambo moyoni tangu hospitali.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nilitaka watoe mashine. Siku ya nne tu. Ningekuua."

Mdogo wake alisimamisha cherehani. Alitafuta maneno. Dada yake alingoja, bila kumsaidia kuyatamka.

"Ulikumbuka... nilichosema. Kuhusu mama."

"Nilikumbuka."

"Bado... nakitaka. Nikiwa kama mama... mwambie daktari tena." Alipumzika kidogo. Kisha akamshika dada yake mkono, akaubana. "Hukukosea, dada. Uliharakisha tu."