Kiganja cha Nane Langoni

Jua lilikuwa limekaribia kuzama nilipobeba ndoo ya maji na chupa ya mafuta ya taa, nikapanda tena ngomeni. Nilikuwa na hasira. Kufuta rangi ile ni kazi ya dakika tano tu, na nilikuwa nimeiombea ruhusa tangu saa nne asubuhi.

Tulikuwa Rajasthan tukipiga filamu ya Kihindi ya kutisha, mimi nikiwa mchoraji wa seti. Langoni pa ngome ile kuna viganja saba vyekundu ukutani. Ni vya wake wa watawala wa zamani. Mume akifa vitani, mke alichovya mkono kwenye rangi, akaubandika pale, akatoka kwenda kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe. Mwongozaji wetu, Kulbhushan, alitaka kiganja cha nane, cha bibi harusi wa filamu. Nikamwambia nitakichora. Akakataa, akidai kamera haidanganyiki. Mwigizaji akaogopa kuchovya mkono wake. Basi akaitwa mke wangu Sulabha, msusi wa waigizaji, na mimi mwenyewe, mjinga wa kutupwa, nikamkorogea rangi.

Mlinzi wa ngome, mzee Bhanwar Singh, alipokiona akanivuta pembeni.

"Nani huyo aliyebandika?"

"Mke wangu."

"Kifute kabla jua halijazama, mwanangu. Anayeacha kiganja hapa ameshaaga. Lango halijui mambo ya sinema."

Nikaenda kwa Kulbhushan. "Dinkar, ndugu yangu, kesho tunapiga hapohapo. Ukifuta, picha zitaungana vipi?" Meneja wa filamu akaniambia niandike barua. Sulabha naye akacheka, kitana mdomoni. "Wewe nawe. Watu wazima wa Mumbai, tuogope ukuta?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikasubiri wote washuke kunywa chai, nikapanda peke yangu.

Langoni hapakuwa na mtu. Hata mzee Bhanwar alikuwa ameondoka.

Asubuhi kiganja cha Sulabha kilikuwa cha mwisho kulia, kibichi, na kidole kidogo kimepinda, maana alikivunja utotoni. Sasa vyote vilikuwa vibichi. Vyote vinang'aa. Na vyenye kidole kilichopinda vilikuwa viwili, cha mwisho na kile cha kabla yake.

Hewa ilinuka nywele zinazoungua...

Nikachagua cha mwisho. Nikamwaga mafuta, nikasugua. Rangi ikatoka yote, ikanichuruzikia hadi kwenye kiwiko. Ilikuwa na uvuguvugu.

Ndipo nikasikia mnong'ono nyuma ya lango.

"Siyo hicho."

Sauti ya Sulabha.

Nikarukia kile kingine. Nikasugua kwa kitambaa, kwa kucha, nikilia na kutukana. Lakini kilikuwa kimekauka, kimezama ndani ya jiwe kama kilichokaa miaka mia tatu. Jua likazama.

"Sulabha?"

Nikasikia bangili za kioo zikilia polepole, zikielekea ndani ya ngome.

Nikashuka mbio hadi nyumba ya wageni. Sulabha alikuwa ameketi kitandani akichana wigi. Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto, na nilifurahi, nikaketi kando yake.

"Dinkar, umechelewa," akasema. "Chai imepoa."

Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Kwa miaka kumi na minane, tangu binti yetu azaliwe, mke wangu alikuwa akiniita Baba Ketaki.

Nikanywa ile chai.

Filamu ilikwisha, watu wakaisahau. Huyu mwanamke ninaishi naye. Anapika vizuri, hanigombezi, na Ketaki halali chumba kimoja naye. Kila mwaka ninarudi ngomeni kuomba nikifute kile kiganja chenye kidole kilichopinda. Kila mwaka ofisi ya mambo ya kale inanijibu kwa barua yenye muhuri kwamba viganja vyote saba ni vya kale na havigusiki. Nimewaeleza, nimewaonyesha picha, nimepiga meza. Karani ananitazama kwa huruma, kisha anamwita anayefuata nyuma yangu kwenye foleni.

Magharibi ninaweka sikio kwenye mlango wa ngome.

"Baba Ketaki," ananinong'oneza. "Bado tu?"