Chupa Kumi na Mbili za Daktari

Saa 4:10 asubuhi. Stoo ya nyuma ya gereji. Bosi alichora ramani ya maabara kwa chaki juu ya meza.

"Nyundo anaingia na sare ya usafi. Anachukua chupa kumi na mbili, anatoka, mnunuzi anazisubiri. Shemeji, wewe unakula na Daktari wako. Asinyanyuke kabla ya saa saba na nusu."

Shemeji, mpimaji wa maabara, aliitikia kwa kichwa. Mwaka mzima Bosi, mume wa dada yake, alimlainisha taratibu: leo lifti, kesho swali dogo kuhusu walinzi. Jana Shemeji alitoa namba ya siri ya mlango. Hakuna aliyemshikia bastola, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Humo mna nini?" Nyundo aliuliza.

"Seli za saratani ya tumbo," mpimaji alijibu. " Na jirani zake, seli za tishu unganishi. Kazi yao kushikilia ukuta wa tumbo na kuziba vidonda. Saratani inazipelekea ujumbe, zinageuka. Zinaifungulia njia ipenye."

Nyundo akacheka. "Kumbe na yenyewe ina shemeji!"

Mpimaji alitazama viatu vyake.

Saa 6:55 mchana. Kantini. Daktari, mama mtu mzima, alimmegea mpimaji nusu ya mkate wake.

"Wote walionipa vipande vya matumbo yao wameshazikwa," alisema. "Mwezi ujao tunajaribu kuuzima ule ujumbe. Bila wewe nisingefika, mwanangu."

Mpimaji alitaka kusema ukweli. Akamwongezea chai.

Saa 7:20. Gari nyuma ya ukuta. Mpimaji alimwacha Daktari na chai yake, akaingia garini. Nyundo alifunua boksi kwa majivuno. Ndani, barafu kavu ikifuka moshi.

"Nilishasambaza dawa mimi. Haiharibiki hata moja."

Mpimaji aliinua chupa. Imeganda, jiwe tupu.

"Hizi hukaa kwenye joto la mwili. Umeziua."

"Si ungesema?"

Kweli hakusema. Baada ya ule mzaha wa shemeji, aliona haya hata kuzitaja tena.

"Mnunuzi atajuaje?" Bosi aliwasha gari. "Funika, twende."

Mpimaji alilikumbatia boksi, akashuka.

"Shemeji! Dada yako nimwambie nini?"

"Mwambie ulivyonilainisha."

Gari likatoka mbio bila yeye.

Saa 7:31. Mpimaji alirudi koridoni na boksi. Daktari alikuja akikimbia, nyuma yake mlinzi aliyegundua wizi. Alipoliona boksi, alimshika mpimaji mashavu kwa mikono miwili.

"Umewanyang'anya! Umeziokoa, mwanangu!"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Zimekufa, mama. Na namba ya mlango niliitoa mimi."

Mikono ilibaki mashavuni kitambo kidogo, kisha Daktari akaiondoa.