Sinki la Kuoshea Batiki

Ilianza kama kicheko tu. Maji yaliposhuka kwenye sinki la uani, bomba la chini lilitoa sauti ya mtu anayesukutua, na Darsono, ambaye hakuna kilichowahi kuharibika nyumbani kwake asikimalizie mwenyewe, akasema linamcheka.

"Lina haki," mkewe Sumiyati akajibu. "Limeona ulivyoitengeneza feni."

Sumiyati alichora batiki kwa nta ya moto, kama nusu ya wanawake wa mji wao wa Pekalongan, na sinki hilo ndilo alilosuuzia vitambaa baada ya kuvichemsha vitoke nta. Nta inayobaki ikipoa hujishika ndani ya bomba kama mafuta ya mbuzi kwenye sufuria. Dawa yake kila mtu anaijua: maji yanayochemka. Adabu yake pia kila mtu anaijua. Kabla hujamwaga maji ya moto kwenye tundu lolote lenye giza, unainama na kusema, "Naomba njia, wenyeji wa hapo, ninamwaga." Halafu unangoja kidogo, wapate kuondoa watoto wao.

Sasa Darsono alikuwa mpishi wa melini kwa miaka mingi. Alishamwaga maji ya moto Rotterdam, Santos na Durban, na hakuna mwenyeji aliyelalamika.

"Sema basi, Mas," Sumiyati alimhimiza mumewe.

"Niwaambie kina nani? Humo kuna nta na nywele zako." Akainua sufuria, akamimina yote kwa mkupuo, akipiga mluzi.

Nta ikayeyuka, maji yakashuka vizuri. Kisha kutoka chini sana ikapanda sauti moja nyembamba, iliyokatika katikati, na nyuma yake harufu ya nywele zilizoungua.

"Paka," alisema Darsono. Lakini hakurudia mluzi.

Jioni hiyo koki ya sinki ikafunguka yenyewe. Akaifunga, ikafunguka. Akabadilisha raba, maji yakaendelea. Akanunua koki mpya inayong'aa, akaizungushia utepe mweupe mwingi kama anafunga jeraha, nayo ikatiririsha vilevile, huku bomba likiguna ukutani, sauti ya puani inayopanda na kushuka. Rukmi, binti yao wa pekee, aliyekuwa bado hajaanza shule, akaegemeza sikio pale.

"Baba, anayebembeleza ni nani?"

"Hewa, mwanangu. Imenaswa ndani ya bomba."

"Mbona inalia?"

Kwa mtu kama Darsono, swali la namna hiyo hujibiwa kwa spana. Akaing'oa koki, akakaza kizibo cha chuma kwenye mdomo wa bomba kwa nguvu zake zote. Maji yakakoma. Akageuka kumwonyesha mkewe, kifua mbele.

Rukmi akapiga ukelele.

Hapakuwa na moto karibu naye, wala chai. Mkono wake ulikuwa mwekundu toka kiganjani hadi kiwikoni, na malengelenge yalikuwa yakiinuka mbele ya macho yao kama maandazi kwenye mafuta. Wakampakia kwenye pikipiki kuelekea zahanati, na kadiri walivyoiacha nyumba nyuma ndivyo wekundu ulivyopanda, begani, shingoni, mtoto akijinyonga mikononi mwa mama yake na kuomba arudishwe kwenye sinki, mpaka wakafika na muuguzi akamtazama Darsono, akauliza kwa upole, "Nani kammwagia mtoto maji ya moto?" na Darsono akageuza pikipiki, mama na mtoto wakiwa nyuma yake, akarudi mbio, akakifungua kizibo kwa vidole hata ngozi ikachunika, na maji yaliporuka Rukmi akaingiza mkono chini yake, ukelele ukakatika, wekundu ukashuka hadi kiwikoni, na ukutani ule mguno wa puani ukaanza tena, taratibu, kama wa mtu aliyekuwa akilia na sasa anafuta machozi.

Wakamwita Mbah Kasan, mzee anayezungumza na majini. Alipiga magoti, akatega sikio kwenye tundu la sinki, akakaa hivyo mpaka miguu ya Darsono ikafa ganzi.

"Uliyemmwagia ni mtoto," alinong'ona. "Alikuwa amelala. Anayefungua bomba ni mama yake. Anampoza."

"Mwambie namwomba radhi, Mbah."

"Nimemwambia. Hataki radhi. Anataka maji."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wake apone. Na wao hupona polepole, Darsono. Wanaishi sana."

Sumiyati akamshika mzee kanzu. "Mfukuze, Mbah. Tafadhali."

"Amewafunga pamoja, wake na wako. Nikimfukuza, ataondoka nao wote wawili."

Basi wakabaki. Godoro la Rukmi likahamishiwa uani, kitanda kikainuliwa kwa matofali ili mkono ufike chini ya bomba hata akiwa usingizini. Hakuna aliyesafiri. Hakuna aliyechemsha maji. Sumiyati hakuchora tena, na Darsono kila asubuhi aliinama juu ya tundu, akawasalimu wenyeji kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujifunza.

Ndipo kiangazi kikaingia, kikakaa. Kisima chao kilicholisha bomba kikashuka, pampu yake ikaanza kukohoa tope, na maji ya bomba yakakonda, yakawa uzi. Darsono alibeba ndoo kutoka kwa majirani mpaka majirani wakaanza kufunga milango. Alasiri moja alirudi na ndoo tupu, akamkuta Rukmi amepanda juu ya kitanda, uso ndani ya sinki, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa.

"Wanasemaje, mwanangu?" aliuliza.

"Mama yake anasema usihangaike, Baba. Maji yakiisha nitashuka mimi, nimshike mtoto wake mkono, tulale wote."

Juu ya Rukmi uzi wa maji ukawa matone. Darsono akaangusha ndoo, akakimbia, akamkumbatia mtoto kiunoni kwa mikono yote miwili. Tone moja likaning'inia kwenye mdomo wa bomba, na halikuanguka.

Rukmi akainama kidogo, kwa adabu yote aliyofundishwa.

"Naomba njia, wenyeji wa hapo."

Na kutoka chini, karibu sana, sauti ya puani ikajibu, "Karibu, mwanangu."