Nilimwambia Mama Ananuka, Kumbe ni Ukuta!

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, mshonaji wa nguo hapa Kasongo. Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaificha!

Mume wangu anafanya biashara Salamabila. Mwaka jana alirudi na klima, ile mashine ya kupoza nyumba, akamwachia mdogo wake Rajabu aifunge katika chumba cha wageni. Majirani wakaja kutazama... nami nikajivuna!

Kisha mama yangu akaja kutoka Nyangwe kukaa nasi. Mama anauza samaki wa kukausha tangu sijazaliwa. Samaki hao ndio walionisomesha.

Baada ya majuma machache chumba kikaanza kunuka. Harufu nzito, ya uvundo. Mama naye akaanza kukohoa, macho yakamwasha. Unajua nilifanya nini? Nilimwambia anukie vizuri kama watu! Nikamfulia vitenge vyake vyote mara mbili. Wageni walipokuja, nikamfungia mlango...

Siku moja akaniambia kwa upole, “Mwanangu, harufu hii si yangu. Iko mu ukuta.”

Nikamjibu, “Mama, ukuta haujauza samaki!”

Asubuhi alifunga mzigo wake, akapanda pikipiki, akaenda zake. Nilimwacha aende! Mimi, niliyelala mgongoni mwake!

Nikahamishia cherehani yangu kwenye chumba kile, maana kilikuwa na ubaridi. Lakini mama ameondoka, harufu imebaki! Inatoka wapi sasa? Nami nikaanza kukohoa, kifua kinabana.

Nikasogeza kabati. Mungu wangu! Ukuta mzima ulikuwa mweusi, umeota ukungu kama manyoya, na maji yanachuruzika.

Nikamwita Rajabu. Akatazama chini. “Shemeji, ule mupira wa maji ya klima sikuutoboza mupaka inje. Nilikomea mu ukuta. Nikaona unaloa, nikasogeza kabati pale... niliogopa kaka atanigombeza.”

Alijua! Alimwona mama akikohoa, akala ugali mezani pangu, akanyamaza! Na mume wangu alipopigiwa simu akasema nisimkasirikie mdogo wake, ni kosa dogo. Dogo?

Kwa hasira nikatenda ujinga mwingine. Nilijifungia chumbani ili majirani wasione, nikasugua ule ukungu mkavu kwa brashi, vumbi jeusi likinijaa puani. Kisha nikamwaga javel, ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe, na juu yake asidi ya kusafishia choo, nikidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Pumzi ikakatika! Jirani yangu ndiye aliyenivuta nje, nikitapika, akanipeleka zahanati.

Muuguzi hakunibembeleza. “Ungekufa, mama! Javel haichanganywi na kitu!” Akanieleza: kuzima mashine na kuziba uvujaji kwanza, la sivyo ukungu utarudi. Kufungua madirisha. Kufunika pua na mdomo, kuvaa glavu, kulowesha ukuta kabla ya kusugua kwa maji na sabuni, na watoto wakae mbali. Mwenye kifua kibovu asiguse kabisa. Godoro lililooza litupwe.

Rajabu ndiye aliyesugua, nikimsimamia mlangoni. Ule mpira wa maji ukatolewa hadi nje, ukuta ukaachwa ukauke kabisa kabla ya rangi.

Nikaenda Nyangwe kupiga magoti. Mama alikuwa amepona, hakohoi hata kidogo. Akaniinua, akanipa chakula.

“Nimekusamehea, mwanangu. Lakini kulala kwako tena, hapana.”

Mpaka leo, akija Kasongo sokoni, analala kwa mdogo wangu. Nampelekea chai huko... Nitamlaumu nani? Rajabu alificha maji, lakini maneno yale yalitoka kinywani mwangu!

Ndugu zangu wasomaji, nawaomba. Chumba kikinuka, mtu akikohoa ndani yake, tazameni nyuma ya kabati, juu ya dari, chini ya ile mashine mnayojivunia. Tazameni kwanza, kabla hamjamfungulia mama yenu mdomo!